Mazoezi yetu yanaanza ukiwa umeshakabwa

Watu wakisikia nafanya mazoezi ya kujihami, swali la kwanza ni, "Umefika mkanda gani?" La pili, hasa kutoka kwa wanaume wanaokuja kutoa hela kibandani kwangu, ni, "Haya nipige basi tuone." Mkanda sina. Kwenye kundi letu hakuna mwenye mkanda zaidi ya ule wa suruali, na kocha mwenyewe, aliyecheza judo enzi zake akiwa jeshini, hajawahi kutuambia alifika rangi gani na hakuna aliyethubutu kumuuliza mara mbili. Tunachofanyia mazoezi ni kitu kimoja chembamba sana: mtu amekuvamia ghafla, yuko umbali wa mkono au karibu zaidi ya hapo, na hukumwona akija. Unafanyaje upate upenyo wa kukimbia? Hayo tu. Teke la kuruka waachieni watu wa sinema.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Wanaojua biashara ya dagaa wanajua kwamba dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza, kwa hiyo mwezi unapopotea angani ndipo mzigo unapoingia na ndipo hela inapozunguka. Wenye mitumbwi wanalipwa, makuli wanalipwa, akina mama wanaoanika wanatuma hela nyumbani Ukerewe na Sengerema, na mimi nafunga nikiwa nimechelewa. Yaani usiku wenye hela nyingi ndio huohuo usio na mbalamwezi. Halafu napanda Kitangiri, mlimani ninakoishi.

Kwa asiyeijua Mwanza niseme kidogo. Wageni wanaenda pale Kamanga kupiga picha na Jiwe la Bismarck, wanaondoka. Sisi tunalala juu ya ndugu zake. Bodaboda inakushusha chini ya mlima, kinachobaki ni miguu. Njia inapita katikati ya mawe makubwa kuliko nyumba, inakata kushoto, inapanda ngazi ambazo mtu alizichonga kwa ajili ya miguu yake mwenyewe, na kuna sehemu mkikutana wawili mmoja anageuka ubavu ndipo mpishane. Mabatini ni hivyohivyo, Igogo ni hivyohivyo. Mchana watoto wanacheza kombolela humo. Usiku umeme ukikatika unapanda kwa tochi ya simu, maana yake mkono mmoja tayari una kazi, na macho yako yamezoea ule mwanga mdogo, nje ya hapo huoni kitu.

Ndiyo maana nikisoma ushauri wa "kaa mbali na mtu unayemshuku" huwa natabasamu. Umbali uutoe wapi? Kuna askari mmoja wa Salt Lake City kule Marekani, Dennis Tueller, ambaye mwaka 1983 aliandika makala iliyokuja kusomwa na mapolisi wengi. Alipima akaona mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi, na huo ndio muda askari aliyefundishwa anaouhitaji kuchomoa bastola na kupiga. Mita 6 na ushee! Kwenye njia yangu ya nyumbani sidhani kama kuna mahali unaona mita 6 zilizonyooka. Jiwe liko hapa, mtu yuko nyuma ya jiwe, wewe unapita. Hapo hata ukiwa na bastola haikusaidii, na mimi nina pochi na mfuko wa nyanya.

Kwa hiyo kocha alianzia mwisho. Walimu wengi wanakuanzishia mbele: simama hivi, kunja ngumi, adui anakuja, mzuie. Yeye somo la kwanza alimwita kijana mmoja, kuli wa Mwaloni, mwenye mabega ya kubeba magunia, akamwambia anikabe kwa nyuma kabisa, mkono uingie, ndipo aseme "anza". Kijana wa watu akaona aibu.

"Mama, nikaze?"

"Kaza mwanangu."

Akashika kama anashika yai. Kocha akamwangalia. "Wewe unamkaba au unamsalimia shangazi yako? Kaza hapo!"

Tangu siku hiyo hakuna zoezi letu linaloanza ukiwa tayari. Unaanza ukiwa umekabwa, umebanwa ukutani, umeshikwa nywele, umekaa chini unafunga kamba ya kiatu. Wengine wanafumbishwa macho, wanazungushwa, halafu mtu yeyote kati ya wenzako anakuja kutoka upande wowote na jambo lolote, au haji kabisa, na kule kungoja kusikokuwa na mwisho kunachosha kuliko kuvamiwa.

Nianze na roba, kwa sababu ndiyo inayopigwa sana na ndiyo niliyoirudia mpaka naiota. Mkono unaingia kutoka nyuma, kiwiko kinakaa mbele ya koo, kiganja kinashika mkono wa pili, halafu anakuvuta chini na nyuma hadi visigino vyako vinanyanyuka. Mara nyingi wako wawili: mmoja anakaba, mwenzake anapapasa. Kuna mambo mawili tofauti shingoni na kocha alitufundisha kuyatofautisha kwa kuyahisi. Koo likigandamizwa unaumia, unakohoa, unapaparika, lakini akili bado unayo. Mishipa miwili ya pembeni ikibanwa sawasawa huumii sana, ila masikio yanaanza kuvuma, macho yanaingia giza kutokea pembeni, na ndani ya sekunde 10 hivi umezimika. Sekunde 10 ni chache mno kwa mtu anayekumbuka somo. Huna muda wa kukumbuka. Mikono iwe imeshaondoka yenyewe.

Inaondoka hivi. Kidevu chini, mabega juu, vyote kwa pamoja, hata kabla hujajua nani kakushika. Mikono yote miwili, na nasema yote miwili, maana kila anayeanza anataka kuokoa pochi kwa mkono mmoja, inapanda kwenye mkono wake karibu na kifundo. Usikamate kwa dole gumba. Vidole vyote vikae pamoja kama kulabu, uvute kwenda chini, uubandike ule mkono kifuani kwako na uning'inie hapo kwa uzito wako wote. Uso unageuza kuelekea kwenye kikunjo cha kiwiko chake, ndipo penye nafasi ya hewa. Ukishapata pumzi moja, chuchumaa kidogo, sogeza nyonga pembeni. Sasa kiwiko chako kinaona mbavu zake, kisigino chako kinaona vidole vyake vya mguu. Kama nyuma yenu kuna jiwe, na Mwanza lipo, mrudishe kinyumenyume mpaka alipate. Na ule mkono usiuachie mpaka umeshageuka, kwa sababu ukiuachia mapema unarudi pale pale na safari hii ameshakasirika.

Inasomeka ndefu. Ikifanywa ni kama pumzi mbili. Mazoezini ukigonga mara mbili, popote, mwenzako anaachia hapohapo, hata kama amebakiza kidogo "ashinde". Aliyechelewa kuachia kocha anamkalisha nje siku nzima. Hilo namsifu nalo. Nimeona vijana wanafundishana kabali vichochoroni kwa ubishi wa nani atazimika kwanza, na huo si mchezo. Na mtu aliyekabwa kweli njiani, hata akijisikia mzima, aende hospitali, kwa sababu koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye akiwa amelala. Apite polisi achukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, atibiwe, aangaliwe.

Sasa upande wa mbele. Wanaokuja mbele huwa wanakuja na maneno, na hapa ndipo malezi yetu yanapotuponza kidogo. Umelelewa kwamba mtu akikuamkia unaitikia. Kijana anatokea kwenye kona, "Shikamoo mama," utapita kimya? Utaonekana huna adabu, na usiku huo huenda ni mtoto wa jirani yako kweli. "Samahani mama, hii njia inatokea Nyamanoro?" Wakati unawaza Nyamanoro iko wapi ameshakata hatua mbili. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, William Hick, alichapisha utafiti wake juu ya jambo hili: kadiri machaguo yanavyoongezeka ndivyo mtu anavyochelewa kuamua. Kitu kimoja tu unachokingoja unaweza kukijibu kwa robo sekunde hivi. Ukiwa na mambo manne kichwani, swali la njia, pochi, tochi na uso wa yule kijana, muda unarefuka, na yeye anao uamuzi mmoja tu na ameshaufanya.

Kocha hakutuambia tuache kusalimia. Alituambia: "Itikia, ila mguu uitikie kwanza." Tunafanya zoezi la salamu, ambalo mtu akitukuta analitazama anaweza kudhani tumechanganyikiwa. Mmoja anakuja na shikamoo, mwingine anasema marahaba huku mguu mmoja umerudi nyuma, mwili umekaa upande, na mikono miwili imepanda usawa wa kifua, viganja wazi, vile mtu anavyoongea kwa mikono. Si ngumi. Hakuna anayekasirishwa na mama anayeongea kwa mikono. Lakini kutoka hapo mpaka usoni mwako ni shubiri moja, wakati kutoka kwenye mfuko wa nyanya ni mbali sana. Kama kijana alikuwa na shida ya njia kweli, anaelekezwa Nyamanoro, anashukuru, anakwenda zake.

Na kama hakuwa na shida ya njia, mwili wenyewe unajua kitu cha kwanza. Mshtue mtu yeyote, mtoto au mzee, msomi au mvuvi: macho yanafumba, mabega yanapanda, kichwa kinaingia ndani, mikono inakuja mbele. Hatupigani na hali hiyo. Tunaongezea kipande cha pili, yaani mikono ikishapanda, viganja vishike nyuma ya kichwa au paji la uso na viwiko vitangulie mbele, halafu uingie ndani kwake badala ya kurudi nyuma. Kurudi nyuma kwenye ngazi za Kitangiri ni kuanguka. Kuingia ndani ni kumharibia nafasi ya kuzungusha mkono, na kiwiko chako ndicho kinachofika kwanza kifuani au usoni. Ukisikia ameyumba, pita. Usisubiri kuona matokeo.

Kitu kingine ambacho nakitetea kwa nguvu zote ni mavazi. Kuna mahali nimeona watu wanafanya mazoezi ya kujilinda wakiwa na traki na raba nzuri. Sawa, lakini mimi nikivamiwa nitakuwa nimevaa dera, nimejifunga mtandio, na ndala miguuni. Kwa hiyo tunafanya na dera. Siku za kwanza akina mama tulianguka kama viazi, tukacheka mpaka mwenye ghala tunalofanyia mazoezi akaja kuuliza kulikoni. Tukajifunza kwamba kitenge kilichokazwa hakikupi hatua ndefu, kwa hiyo hatua ziwe fupi za haraka. Kwamba ndala inavuliwa kwa kurusha mguu mara moja na si kwa kuinama. Kwamba mtandio uliofungwa fundo shingoni ni kamba unayompelekea mtu mkononi. Mimi wangu siku hizi nauweka begani bila fundo. Akiuvuta, aende nao.

Kuhusu kisu nitakuwa na ukali kidogo. Kocha alitutuma Mlango Mmoja tukanunue mashati meupe ya mtumba, yale ya bei ya kutupwa. Akaleta kalamu za wino mzito mwekundu. Mmoja ana kalamu, mwingine ana shati, kazi ya mwenye shati ni kumnyang'anya. Hakuna aliyetoka msafi. Si mimi, si yule kuli mwenye mabega, si kocha mwenyewe tulipomwomba ajaribu. Ukivua shati unaliangalia: mistari kwenye mikono, hiyo unaisamehe, mstari chini ya kwapa, mstari shingoni, vidoti sita vimefuatana tumboni. Kwa sababu mtu mwenye kisu hafanyi kama kwenye video, ambako mtu anaunyoosha mkono halafu anausahau pale angani ukufanyie mapozi. Anakushika nguo kwa mkono wa kushoto na wa kulia unakwenda na kurudi kama sindano ya cherehani. Hizo video za kupindisha kifundo na kisu kikaanguka mimi ningeomba watu waache kutumiana kwenye magrupu ya familia. Zinampa dada wa watu ujasiri usio na mgongo.

Tunachofanya sisi na kalamu ni kupunguza mistari. Mfuko au pochi mbele ya kifua. Mrushie kitu usoni, hata hizo nyanya. Kimbia kama pa kukimbilia papo. Kama hapapo na ameshafika, ushike ule mkono kwa mikono yako yote miwili, uubandike kwenye mwili, wake au wako, uunyime kurudi nyuma, na upige kichwa, goti, chochote, huku unapiga kelele. Shati litachafuka bado. Ila kuna tofauti kati ya shati lenye mistari minne mikononi na lile lenye vidoti tumboni, na tofauti hiyo tunaitolea jasho.

Kijana mmoja wa kundi, anayependa sana kusoma, alituletea habari za Imi Lichtenfeld, yule Myahudi aliyekulia Bratislava, bondia na mpiga mieleka hodari, ambaye miaka ya 1930 alijikuta anapambana mitaani na magenge ya mafashisti, akagundua kwamba ya ulingoni hayatoshi barabarani. Baadaye alilifundisha jeshi la Israeli mfumo unaoitwa Krav Maga. Kijana akamuuliza kocha, "Kwa hiyo na sisi tunacheza Krav Maga?" Kocha akajibu, "Sisi tunacheza Kitangiri." Tukaishia hapo.

Swali ambalo akina mama wananiuliza sana kibandani ni hela: upigane au utoe? Toa. Simu inanunuliwa, hela ya mauzo inauma lakini inarudi polepole, na mimi hela kubwa sipandi nayo mlimani usiku, hilo lina utaratibu wake ambao sitauandika hapa. Hata kutoa tunakufanyia mazoezi: usimpe mkononi, irushe pembeni, upande ambao wewe huendi. Akifuata simu, wewe unafuata njia. Akiiacha simu akakufuata wewe, basi umejua kwamba hakuja kwa ajili ya simu, na kila nilichoandika hapo juu kinaanza kazi.

Na kelele. Kanda hii ina historia yake ya kelele. Usukuma na Unyamwezi ndiko sungusungu walikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kijijini mwanaume aliyebaki ndani anaulizwa kesho yake. Mjini yowe bado lina nguvu. Lakini mimi sipigi kelele ya "mwizi", na nawaomba wenzangu wasipige. Sote tunajua wananchi wenye hasira kali wakifika nini kinafuata, mawe Mwanza hayatafutwi, na anayeangukia mikononi mwao si lazima awe ndiye aliyekukaba. Nimelelea watoto wa kiume mlimani hapo, wanarudi usiku, wanakimbia kama vijana wanavyokimbia. Mimi napiga "Nakufa! Jamani nakufa!" Watu wanatoka na taa, wanakutafuta wewe kwanza. Sheria nayo inatazama hivyohivyo: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwenye kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, inakupa haki ya kujilinda wewe na mwenzako na mali yako, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Akishaanguka na wewe njia unayo, mateke ya kuongezea yanakuhamisha kutoka kwa mlalamikaji hadi mshtakiwa.

Wanaotaka kujiunga: tunakutana Jumamosi alfajiri, ghalani, kabla magunia hayajaanza kuingia, kwa hiyo utatoka unanuka dagaa na hilo usimlalamikie mtu. Kata kucha. Vua hereni, bangili na pete nyumbani kabisa, kwa sababu hatuna pa kuzitunzia. Njoo na nguo unayorudi nayo kazini na shati jeupe ambalo hutalililia. Mwenye presha, mjamzito au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone kocha kwanza, kuna mazoezi ya salamu na ya kelele anayoweza kufanya bila kuguswa. Ada hakuna, ila kila mtu anachangia maji na kalamu nyekundu, ambazo kwa kweli zinaisha haraka kuliko nilivyotegemea.